Mwongozo wa Kudhibiti Ukoga na Hitilafu za Uendeshaji katika Kitengo cha Koki cha Kiwanda cha Kusafisha Mafuta

Kitengo cha koki (kaboni ngumu inayofanana na makaa) hupokea yale ambayo vitengo vingine vya kiwanda cha kusafisha mafuta vimeshindwa kuyatumia, yaani masazo mazito ya mnara wa ombwe (unaotenganisha mafuta chini ya shinikizo dogo), yenye metali, salfa na asfalteni nyingi, yaani molekuli nzito kama za lami. Masazo hayo hupashwa moto ndani ya tanuri hadi kati ya nyuzi 480 na 510 za Selsiasi kwa muda mfupi sana, kisha husukumwa hadi kwenye dramu kubwa ya chuma ambamo mmenyuko huendelea kwa saa nyingi. Mivuke hutoka juu kwenda kwenye mnara wa utenganishaji, na koki ngumu hubaki ndani ya dramu. Dramu hufanya kazi kwa jozi: moja ikijazwa, mwenzake hupozwa, hukatwa koki na kutayarishwa upya. Mmenyuko unaotakiwa ndani ya dramu ni uleule usiotakiwa ndani ya mabomba ya tanuri, na kwa hiyo ukoga, yaani tabaka la koki, chumvi au tope linalojijenga ndani ya vifaa, hauwezi kuepukwa kabisa; kilicho mikononi mwa mwendeshaji ni mahali utakapojitokeza na kasi yake.

Mwongozo huu ni wa wahandisi wa mchakato na wasimamizi wa zamu. Unafuata njia ya mafuta yenyewe, kutoka kwenye malisho (mafuta yanayoingizwa kitengoni) hadi kilele cha mnara, kwa sababu tiba nyingi za kitengo hiki huponya sehemu moja kwa kuihamishia shida sehemu nyingine. Ukipunguza joto la tanuri ili kulinda mabomba, koki hubaki laini na povu huongezeka ndani ya dramu. Ukiongeza dawa ya kuzuia povu, silikoni iliyomo huenda kuharibu kichocheo cha kitengo kinachosafisha nafta (mafuta mepesi). Kila hatua, basi, isomwe pamoja na ile inayoifuata kwenye mkondo.

Hatua ya 1: Weka kipimo cha kulinganishia

Katika siku za kwanza baada ya tanuri kusafishwa, andika halijoto ya ukuta wa bomba kwa kila kipimajoto, shinikizo la kuingia kwa kila mkondo wa tanuri (yaani kila mfululizo wa mabomba unaopitisha sehemu yake ya mafuta), tofauti ya shinikizo kati ya kilele cha dramu na mnara, tofauti ya shinikizo katika sehemu ya juu ya mnara, na halijoto za kuingia na kutoka za vibadilisha joto vya malisho. Bila kumbukumbu hizo, mjadala wowote wa baadaye kuhusu ukoga utakuwa wa kukisia.

Namba ghafi hupotosha. Halijoto ya ukuta wa bomba hushuka mara tu kiwango cha malisho kinapopunguzwa, kwa kuwa tanuri linatoa joto pungufu, na mtu asiye makini anaweza kudhani kwamba ukoga umepungua. Njia nyepesi ya kuepuka kosa hilo ni kufuatilia tofauti kati ya halijoto ya ukuta na ile ya mafuta mahali hapohapo, ukiigawa kwa kiasi cha joto ambacho tanuri linayapa mafuta siku hiyo. Tofauti hiyo ikipanda wakati mzigo wa joto haujabadilika, bomba limeanza kujifunika ndani. Chora mstari wake kwa wiki kadhaa. Mwinuko wa mstari una maana kubwa kuliko namba ya siku moja.

Hatua ya 2: Chunguza malisho kabla ya kulilaumu tanuri

Tanuri likianza kuziba haraka kuliko kawaida, sababu huwa mara nyingi iko nyuma ya tanuri. Sodiamu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Huchochea utengenezaji wa koki kwenye kuta za mabomba, na huingia kwa njia mbili kuu: chombo cha kuondoa chumvi kinapofanya kazi vibaya, au soda kali inapoongezwa kwenye mafuta ghafi ili kupunguza ulikaji katika mnara wa kwanza wa kutenganisha mafuta ghafi. Kwa kuwa sodiamu haivukizwi, yote iliyomo kwenye mafuta ghafi hujilimbikiza kwenye masazo, na kiwango kilichoonekana kidogo mwanzoni huwa kimeongezeka mara kadhaa kinapofika kwenye tanuri. Viwanda vingi hujiwekea kikomo cha takriban sehemu 15 hadi 20 kwa milioni katika malisho ya tanuri. Chukua sampuli angalau mara moja kwa wiki, na kila siku katika kipindi ambacho mafuta ghafi yanabadilishwa.

Baada ya sodiamu, tazama uthabiti wa asfalteni. Asfalteni hukaa zimetawanyika ndani ya mafuta kwa msaada wa resini na misombo ya aromatiki. Mafuta yenye parafini nyingi yakichanganywa na masazo yenye asfalteni nyingi, msaada huo huvunjika na asfalteni huanza kutua kama tope. Mafuta mawili yanayofanya kazi vizuri kila moja peke yake yanaweza kugombana yakichanganywa, na uwiano wa mchanganyiko unaweza kuleta madhara makubwa hata pale ambapo ubora wa kila mafuta haujabadilika. Kwa hiyo maabara ipime mchanganyiko wenyewe, kwa uwiano utakaotumika, kabla haujapelekwa kitengoni.

Mafuta taka ya kiwanda ni suala la tatu, na hapa nakiri kwamba mimi ni mkali kuliko wenzangu wengi. Kitengo cha koki hugeuzwa jaa: maji yaliyochanganyika na mafuta, chembe za kichocheo, tope la matangi, vyote huletwa hapo. Kwa kiasi kidogo na kwa utaratibu, hilo linawezekana, hasa yakipelekwa kwenye dramu wakati wa kupoza. Yakiingizwa kwenye malisho ya tanuri bila kuondolewa maji na chembe, huleta chumvi, mshtuko wa shinikizo na ukoga ambao hakuna kemikali itakayouzuia. Msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kuyakataa.

Hatua ya 3: Linda vibadilisha joto na sehemu ya chini ya mnara

Katika vibadilisha joto, adui mkuu ni mwendo wa polepole. Usigawe mtiririko kwenye vibadilisha joto vingi sambamba wakati kiwango cha malisho kimeshuka. Ni heri kukiondoa kimoja kazini na kuyaacha mafuta yaende kwa kasi katika vilivyobaki. Chini ya mnara, ambako malisho mapya hukutana na masazo yanayorudi, chembe za koki zinazobebwa na mivuke hujikusanya. Zungusha mafuta ya chini kupitia vichujio, safisha vichujio hivyo kwa zamu kabla havijajaa, na usiache kina cha mafuta kiongezeke kiasi cha kuyafanya yakae muda mrefu katika halijoto ya juu. Pampu ya tanuri ikianza kutetemeka au shinikizo lake la kufyonza likishuka, kichujio kimeziba. Usingoje zamu ijayo.

Hatua ya 4: Soma tanuri kwa ishara zake zote

Ukoga wa tanuri hujitokeza zaidi kwenye mabomba ya mwisho ya sehemu ya mnururisho, yaani ile inayopigwa na joto la miali moja kwa moja, ambako mafuta ni ya moto zaidi na sehemu yake imekwisha kugeuka mvuke. Kinachoamua kasi yake ni halijoto ya utando mwembamba wa mafuta unaogusa ukuta wa bomba, pamoja na muda ambao utando huo unakaa hapo. Mwendeshaji ana mambo matatu ya kurekebisha: kasi ya mafuta ndani ya bomba, mgawanyo wa moto, na halijoto ya kutokea, yaani ya mafuta yanapotoka tanurini.

Kasi huongezwa kwa kuingiza mvuke, au maji yanayogeuka mvuke, katika kila mkondo. Kiasi cha takriban asilimia 1 ya uzito wa malisho, au pungufu kidogo, ni cha kawaida. Mvuke mwingi kupita kiasi huongeza mzigo wa mivuke kwenye dramu na maji machafu kwenye kilele cha mnara, kwa hiyo usiuongeze bila kuangalia kama dramu ina nafasi. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba mtiririko wa mafuta katika mkondo ukishuka chini ya kikomo, mvuke wa dharura uingie wenyewe bila kusubiri mkono wa mtu. Mafuta yaliyosimama ndani ya bomba la moto hugeuka koki kwa dakika chache.

Mgawanyo wa moto hukaguliwa kwa macho. Fungua tundu za kuangalia kila zamu. Mwali unaolamba bomba, kichomeo kilichoziba nusu, au hewa isiyolingana kati ya vichomeo huunda sehemu moja ya moto mkali, na mkondo mzima hulazimika kusafishwa kwa ajili ya bomba moja. Kupunguza mafuta ya mkondo mmoja ili halijoto za kutokea zilingane kunaweza kuficha tatizo hilo, kwani mkondo wenye moto mkali huongezewa mafuta na kuonekana mzima kwenye skrini.

Sasa soma ishara kwa pamoja. Halijoto ya ukuta ikipanda pole pole katika mabomba mengi ya mwisho na shinikizo la kuingia nalo likipanda, huo ni ukoga wa kawaida wa koki, na kinachotafutwa ni kasi yake. Halijoto ikipanda mahali pamoja tu huku shinikizo likiwa tulivu, shuku mwali au kipimajoto chenyewe kabla ya kushuku mafuta. Shinikizo likipanda lakini kuta zikibaki na joto lilelile, kizuizi yaelekea kipo mbele, kwenye bomba la kuelekea dramu au kwenye vali ya kubadilishia, ambako hakuna moto wa kukifichua. Na kuta zikipanda ghafla katika mikondo yote ndani ya siku chache, rudi Hatua ya 2 na uulize ni mafuta gani yameingia.

Vipimajoto vya ukuta huharibika na kudanganya, hasa kinga yake inapoungua na kipimo kuanza kupokea joto la gesi za moto. Picha za kamera ya joto husaidia kuvihakiki, ila nazo zina mtego wake: magamba ya oksidi nje ya bomba huwa na joto kuliko chuma kilicho chini yake, na bomba lenye magamba huonekana limezidi kikomo ilhali halijazidi. Linganisha picha na vipimajoto, na picha ya leo na ya mwezi uliopita, kabla ya kutoa uamuzi wa kusimamisha kazi. Kwa mabomba ya chuma chenye kromiamu asilimia 9 na molibdenamu asilimia 1, vikomo vya kati ya nyuzi 650 na 700 ni vya kawaida, lakini kikomo chenu ni kile kilichoandikwa katika nyaraka za usanifu wa tanuri lenu, na hakiongezwi kwa maelewano ya mkutano wa asubuhi.

Halijoto ya kutokea ndiyo nyenzo inayoshikwa kwanza na ambayo ingefaa kushikwa mwisho. Ni kweli kwamba nyuzi chache chini hurefusha maisha ya tanuri. Lakini dramu haina moto wake. Hutegemea joto lililobebwa na mafuta. Likipungua, mmenyuko haukamiliki, koki hubaki na lami ndani yake, na kiwango cha vitu vinavyovukizwa, ambacho kwa koki ya sponji ya kawaida huwa kati ya asilimia 8 na 12, hupanda. Koki laini haipitishi maji vizuri wakati wa kupoza, hukatika vibaya na hutoa harufu na mivuke wakati wa kufungua. Kwa hiyo ukishusha halijoto, omba maabara ipime vinavyovukizwa katika koki ya dramu inayofuata, na uamue kwa matokeo hayo.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kusafisha tanuri

Kubandua koki kwa mvuke bila kusimamisha kitengo kunafaa pale ukoga ni wa koki tupu na tanuri lina mikondo isiyopungua mitatu au minne. Mkondo mmoja huondolewa mafuta, hupewa mvuke kwa kasi kubwa, kisha halijoto ya kuta hupandishwa na kushushwa kwa mizunguko. Chuma hutanuka na kusinyaa kwa kiwango tofauti na koki, na koki hupasuka na kubebwa na mvuke hadi kwenye dramu. Shusha na pandisha kwa kiasi. Anayeharakisha hubandua vipande vikubwa kwa pamoja, ambavyo huziba kona za mabomba au kuzikwangua hadi kuzitoboa. Anza mapema, kabla halijoto haijafika karibu na kikomo, kwa sababu zoezi lenyewe linahitaji nafasi ya kupandisha joto; na funga zoezi pale shinikizo la mkondo na halijoto ya kuta zinapoacha kuboreka.

Kuchoma kwa mvuke na hewa huondoa koki vizuri, lakini huhitaji mtu mzoefu anayefuatilia rangi ya mabomba na kiwango cha kaboni dioksidi, kwani moto ndani ya bomba ukitoroka, bomba huharibika. Njia ya tatu ni kupitisha kwa maji vizibo vya povu gumu vilivyopachikwa meno ya chuma. Hiyo hulazimu tanuri lisimame, na ndiyo pekee inayoondoa kwa uhakika chumvi na mabaki ya metali yaliyobaki baada ya kubandua. Ukiona kwamba kila baada ya kubandua halijoto ya kuanzia iko juu kidogo kuliko mara iliyotangulia, kuna safu isiyo ya koki inayojijenga; panga kupitisha vizibo katika usimamishaji ujao.

Hatua ya 6: Dhibiti povu ndani ya dramu

Juu ya koki inayojijenga kuna kimiminika ambacho hakijamaliza mmenyuko, na mivuke inayopita ndani yake hukiumua kuwa povu. Povu likifika kwenye mdomo wa kutokea, hubeba lami na chembe za koki hadi kwenye mstari wa mivuke na chini ya mnara, na saa chache za uzembe huweza kugharimu wiki za vichujio vinavyoziba na tanuri linalochafuka. Povu huongezeka dramu ikiwa baridi, shinikizo likiwa dogo, mivuke ikiwa na kasi kubwa, na malisho yakiwa na chembe au sodiamu nyingi. Orodha hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu dawa ya povu huonekana kuwa jibu la kwanza ilhali sababu iko kwenye mojawapo ya mambo hayo.

Dawa inayotumika kwa kawaida ni ya silikoni, aina ya polidimethilisiloksani. Huvunjwa na joto la dramu, na vipande vyake vingi huondoka pamoja na nafta. Katika kitengo cha haidrojeni kinachosafisha nafta, silikoni hushika kwenye kichocheo na haitoki tena. Kwa hiyo kipimo sahihi ni kile kidogo kabisa kinacholishusha povu. Usiingize dawa tangu mwanzo wa kujaza. Anza pale vipima kina vya mionzi vilivyo ubavuni mwa dramu vinapoonyesha kwamba povu limefika kwenye kiwango mlichokubaliana, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katika sehemu ya mwisho ya mzunguko. Tumia kibebeo kizito, kama vile mafuta mazito ya kitengo chenyewe, kwa kuwa kibebeo chepesi huvukizwa juu ya povu na kuondoka na dawa kabla haijagusa kitu. Weka mdomo wa kuingizia dawa mbali na mdomo wa kutokea mivuke, kwa sababu hiyohiyo. Dawa yenye mnato mkubwa zaidi hustahimili joto vizuri na mara nyingi hukuruhusu kupunguza kipimo. Ijaribu kwa mizunguko kadhaa ukilinganisha kiasi cha silikoni kwenye nafta, si kwa kutazama bei ya pipa la dawa peke yake.

Wakati wa hatari zaidi ni kubadilisha dramu, yaani kuhamisha malisho kutoka dramu iliyojaa hadi ile tupu. Shinikizo likishuka ghafla, povu huumuka kama maziwa yanayochemka. Shinikizo hushuka pale vali ya mivuke ya dramu tupu inayopashwa moto inapofunguliwa haraka, pale kompresa ya gesi inapovuta kwa nguvu, au pale dramu iliyojaa inapoelekezwa mapema kwenye mfumo wa kupokea mivuke. Fungua vali ya kupashia dramu tupu kwa hatua ndogo, huku mtu wa chumba cha udhibiti akitazama shinikizo la dramu iliyo kazini. Baadhi ya vitengo hupandisha shinikizo kidogo kabla ya kubadilisha, nami naona ni desturi nzuri mradi tanuri linaivumilia. Endelea na dawa hadi mvuke wa kwanza uwe umeingia kwenye dramu iliyojaa na kina kimetulia.

Hatua ya 7: Weka mstari wa mivuke ukiwa na unyevu

Mivuke inayotoka juu ya dramu ikiwa na takriban nyuzi 430 hadi 450 bado inaendelea na mmenyuko. Ikikuta ukuta mkavu, huacha koki. Ndiyo sababu mafuta ya kupozea hunyunyizwa mara tu mivuke inapotoka, kwa kiasi cha kuishusha halijoto na kuacha filamu ya kimiminika ikitiririka kwenye kuta hadi mnarani. Nyunyizio likikatika kwa dakika chache wakati wa kubadilisha dramu, madoa makavu huanza kujifunika, na koki hiyo haiondoki nyunyizio linaporudi. Hakikisha, basi, kwamba nyunyizio la dramu mpya linafunguliwa kabla ya malisho kuingia. Fuatilia tofauti ya shinikizo kati ya dramu na mnara kwa kiwango kilekile cha malisho. Ikipanda, shinikizo la dramu linapanda nalo, na unapoteza mavuno ya mafuta kila siku kwa kutengeneza koki zaidi. Kuzidisha nyunyizio nako kuna bei, kwa kuwa mafuta hayo huishia chini ya mnara na kurudi kwenye tanuri.

Hatua ya 8: Poza na fungua dramu bila haraka

Baada ya kubadilisha, mvuke kidogo hupelekwa kupitia koki hadi mnarani ili kuokoa mafuta yaliyobaki, kisha mvuke mwingi hadi kwenye mfumo wa kupokea mivuke, kisha maji. Maji yaanze kidogo na kuongezwa kwa hatua, huku shinikizo la dramu likiwa ndilo linaloamua kasi. Kishawishi cha kufupisha mzunguko kwa kumimina maji mapema ni kikubwa, na madhara yake hayaonekani siku hiyo: maji hupata njia karibu na ukuta, ukuta husinyaa kwa ghafla ilhali kiini cha koki bado ni cha moto, na baada ya miaka kadhaa dramu huvimba tumbo na kupasuka kwenye kiungo cha sketi yake (pete ya chuma inayoibeba).

Aina ya koki hubadilisha hesabu yote. Koki ya sponji hupitisha maji kwa usawa wa kuridhisha. Koki ya gololi, inayotokana na malisho yenye asfalteni nyingi, ni vidonge vidogo visivyoshikamana, au vilivyoshikamana kwa vifundo. Maji hupita njia chache na kuacha sehemu kavu zenye moto. Lundo lake huweza kuporomoka wakati wa kumwaga maji au kukata, na maji yakifika kwenye sehemu ya moto, mvuke hulipuka juu kupitia shimo la dramu. Kwa hiyo, ukijua kwamba mafuta yaliyopikwa hutoa koki ya gololi, jaza maji hadi juu ya koki, yaache yakae, na usitegemee halijoto ya mivuke ya juu peke yake. Tazama halijoto za ukuta wa dramu katika pande zote na halijoto ya maji yanayotoka. Upande mmoja ukibaki wa moto, dramu haijapoa, hata kama saa inasema muda umekwisha.

Kabla ya kufungua hewani, shinikizo la dramu lishushwe hadi karibu na sifuri kupitia mfumo uliofungwa. Kanuni za Marekani za 2015 kuhusu viwanda vya kusafisha mafuta ziliweka kiwango cha pauni 2 kwa inchi ya mraba, sawa na takriban 0.14 bar, na hata mahali ambapo kanuni hizo hazitumiki kiwango hicho ni cha busara kwa ajili ya watu walio kwenye jukwaa. Vifuniko vya chini vifunguliwe kwa mbali, na asiwepo mtu yeyote kwenye jukwaa la kukatia wakati wa kufungua.

Hatua ya 9: Safisha kilele cha mnara

Amonia na haidrojeni kloridi zilizomo kwenye mivuke huungana na kuwa chumvi ya amoniamu kloridi mahali mnara unapopoa. Dalili zake ni tofauti ya shinikizo inayopanda katika sahani za juu, utenganishaji wa nafta na mafuta mepesi unaoharibika, na pampu ya mzunguko wa juu inayopoteza nguvu. Tiba ya kudumu ni kupunguza kloridi, kwa maana ya kurudi tena kwenye chombo cha kuondoa chumvi. Tiba ya muda ni kupandisha halijoto ya kilele juu ya kiwango ambacho chumvi huganda, ikiwa mahitaji ya nafta yanaruhusu. Chumvi ikishaganda, huoshwa kwa maji bila kusimamisha mnara: punguza malisho, ingiza maji kidogo kidogo pamoja na mafuta yanayorudishwa juu, yatoe kwenye sahani ya kutolea, na pima kloridi ndani yake hadi ishuke. Maji yasiruhusiwe kuteremka hadi kwenye sehemu za moto, kwani hugeuka mvuke kwa ghafla na kung'oa sahani.

Katikati ya mnara, chunga vinyunyizio vya eneo la kuoshea. Vikiziba, mafuta mazito hubeba chembe za koki na metali hadi kwenye vitengo vya mbele, na watu wa vitengo hivyo ndio watakaokuwa wa kwanza kulalamika.

Hatua ya 10: Tayarisha utaratibu wa umeme kukatika

Dramu iliyojazwa kidogo kisha ikaachwa bila mvuke wala maji ndiyo hali ya hatari kuliko zote katika kitengo hiki. Mwezi Novemba 1998, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Anacortes, jimbo la Washington nchini Marekani, dhoruba ilikata umeme dramu ikiwa imeanza kujazwa. Njia ya kuingizia iliziba, maji ya kupoza hayakuweza kupita, na baada ya kungoja ikadhaniwa kwamba yaliyomo yamepoa. Kifuniko cha chini kilipofunguliwa, masazo ya moto yalitoka na kuwaka, na wafanyakazi 6 walifariki. Koki huhifadhi joto vizuri mno. Ukuta wa nje huweza kupoa ilhali katikati bado kuna kimiminika cha moto kinachoweza kuwaka chenyewe kikikutana na hewa.

Andika, kabla ya siku hiyo kufika, nani ataingiza mvuke wa dharura kwenye mikondo ya tanuri na kwenye njia ya dramu ndani ya dakika za kwanza, mvuke huo utatoka boila gani ikiwa kiwanda kizima kimezimika, na ni vali zipi zitakazofunguliwa kwa mkono. Dramu ambayo mvuke na maji havikuweza kupita isifunguliwe kwa kuhesabu siku wala kwa kugusa ukuta wa nje. Itisheni wahandisi wa mchakato, wa usalama na wa vyombo vya shinikizo, mkokotoe kiasi cha joto kilichobaki, na mtafute njia nyingine ya kupitisha maji kutoka juu. Mpaka hapo, eneo linalozunguka dramu hiyo lifungwe, na kibali cha kazi kisitolewe.